Mulah si Supu: Uhakiki wa Ubao wa Vyakula Mangateen

Uhakiki katika jarida hili huwa ni wa riwaya, diwani au tamthilia. Safari hii naomba radhi kwa wasomaji, kwani matini ninayoihakiki ni ubao wa bati uliotundikwa mlangoni mwa mkahawa mdogo mtaani Mangateen, jijini Juba. Majina ya vyakula yameandikwa kwa rangi ya mafuta, bei zimeandikwa kwa chaki. Mwenye mkahawa simtaji. Mwanafunzi aliyeuandika ubao huo kwa Kiswahili naye simtaji, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niusome bila kumwonea haya.

Kwanza apewe haki yake. Ubao wa Kiswahili Mangateen si pambo. Mtaani humo pana kambi ya watu waliohamishwa makwao na vita vilivyoanza mwaka 2013. Wapo pia wakazi waliokulia ukimbizini Kakuma, nchini Kenya, wakarudi na Kiswahili cha huko, na wapo wageni kutoka Uganda na Kenya waliokuja kutafuta riziki. Kiarabu cha Juba huzungumzwa na karibu kila mtu, lakini si kila mtu huweza kukisoma kikiandikwa. Mwanafunzi wetu aliona pengo hilo akalijaza. Hati yake ni safi, na bamia ameiacha kuwa bamia, kwa kuwa neno ni lile lile pande zote mbili.

Kosa kubwa liko katika neno moja. Kila penye mulah, yeye ameandika "supu": supu ya bamia, supu ya nyama, supu ya samaki. Msomaji aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam akiona supu hutarajia maji ya mifupa yenye ndimu na pilipili, ya kunywa asubuhi kwa chapati. Akiletewa bakuli la bamia nzito inayovutika, atadhani amekosewa oda. Mulah ni kile kinacholiwa pamoja na kisra au asida. Kisra, kwa wasioijua, ni mkate mwembamba kama karatasi, wa unga wa mtama uliochachuliwa. Asida ni ndugu yake ugali. Huli mulah peke yake, na bila mulah asida haipiti kooni.

Nilimuuliza mwanafunzi neno hilo alilipata wapi. Akasema wapishi kutoka Uganda huita kila kitu cha namna hiyo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mchuzi, yawe maharage, nyama au samaki mkavu. Yeye akatafuta Kiswahili cha neno la Kiingereza, si Kiswahili cha mulah. Hapo ndipo ninapomlaumu kidogo, na kutulaumu zaidi sisi tuliomfundisha. Neno lipo, nalo ni kitoweo, kutokana na kitenzi kutowea. Huwa cha majimaji au kikavu, cha nyama au cha majani. Tanzania bara wengi husema mboga, hata kama mboga yenyewe ni kuku! Lakini fungua somo la "Mkahawani" katika vitabu vingi vya wageni: utakuta chai, soda, wali, kuku, na labda "chakula kikuu", usikute kitoweo.

Tatizo hili si la Juba peke yake. Katika Kithai, vyakula vinavyoliwa na wali huitwa kap khao, maana yake halisi "pamoja na wali". Nyumbani vitoweo huwekwa katikati, kila mtu na wali wake, wote wakachota. Katika vibanda vya bei nafuu vya Thailand huuzwa wali uliowekewa vitoweo juu yake, na bei hutegemea umechagua kimoja, viwili au vitatu. Chakula hicho hicho kinapohamia mikahawa ya Ulaya na Marekani, kap khao hugeuka kuwa mlo mkuu wa mtu mmoja, na mara nyingi wali huandikwa mstari wa chini kwa bei yake peke yake. Neno limebadilika, na hesabu ya mlaji nayo imebadilika.

Mangateen nayo ina hesabu yake. Bei iliyo mbele ya mulah inajumlisha asida au kisra. Lakini ubaoni asida ina mstari wake na bei yake, ambayo kumbe ni ya anayetaka kuongezewa. Siku niliyokuwa pale, mama mmoja mwenye watoto wawili alisimama akausoma ubao kwa sauti ya chini, supu kisha asida, akajumlisha, akahesabu noti zake, akaondoka. Fedha yake ilitosha. Mwenye mkahawa alikuwa jikoni, hakumwona, na mimi nilielewa wakati ameshavuka barabara.

Makosa mengine nayapitia haraka. "Karanga na mkate" ni ful. Ful sudani kweli ni karanga, lakini kinacholiwa hapa asubuhi kwa mkate na mafuta ni ful masri, maharage makubwa ya Misri. Heri angeacha jina ful lilivyo. "Mchele na maharage" itawachekesha watu wa pwani, ambao kwao mchele haujapikwa, lakini watu wa Kongo ya mashariki husema hivyo hivyo, na mimi nisingeufuta.

Kuhusu bei, chaki ina sababu. Pauni ya Sudan Kusini ilipozaliwa Julai 2011, noti kubwa ilikuwa ya 100. Desemba 2015 serikali iliiachia sarafu ielee, na dola moja ikatoka chini ya pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa mpigo. Baadaye zikaja noti za 500 na za 1,000. Basi mazungumzo ya vitabuni, ambamo mteja huuliza "bei gani?" akajibiwa mara moja, hayamfai mwanafunzi wa Juba. Swali nililolisikia pale kwa wateja wazoefu ni "Hii ni bei ya leo?" Muuzaji hujibu kwa tarakimu tupu, bila kutaja elfu. Akisema sita, saba au tisa, Mswahili na mwenyeji husikia namba moja. Akisema talata, mgeni hubaki akimtazama mdomo.

Tulipendekeza juu ya ubao pawe na maneno haya: KITOWEO, BEI PAMOJA NA ASIDA, KISRA AU WALI. Na mbele ya asida: YA KUONGEZA. Mwenye mkahawa alisikiliza hadi mwisho, akauangalia ubao, akasema, "Mwalimu, maneno ni mazuri, lakini rangi ni ghali." Kwa sasa yameandikwa kwa chaki.