UNGAMO NA KITANZI: IMANI YA WAPURITANI NA MASHTAKA YA UCHAWI KATIKA TAMTHILIA YA ARTHUR MILLER

Utangulizi

Kwa msomaji wa Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha ya elimu ya juu, njia ya karibu ya kuifikia tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, ni tafsiri ya Marcel Aymé iliyochezwa Paris mwaka 1954 kwa jina la Les Sorcières de Salem. Jina hilo latangaza wachawi. Jina la Kiingereza halimtaji mchawi hata mmoja. Lataja chungu cha kuyeyushia madini, ambamo kilicho safi hutengwa na takataka. Jina la kwanza humfanya msomaji amtafute mchawi. La pili humwelekeza kwenye moto na kwa wanaouchochea.

Tofauti hii ina uzito kwa mtazamaji wa Opala au wa Kisangani. Mtazamaji wa New York wa Januari 1953, tamthilia ilipochezwa mara ya kwanza, hakuhitaji kuamini uchawi. Alitambua upesi kwamba Salem ya mwaka 1692 ni kivuli cha kamati za bunge zilizokuwa zikiwasaka wakomunisti nchini Marekani. Watazamaji wengi wa kwetu hawauchukulii uchawi kuwa kivuli cha jambo jingine. Je, yawapasa waache kwanza imani yao ndipo tamthilia iwafae? Makala haya yanadai kwamba haiwapasi, kwa kuwa kiini cha mgogoro hakimo katika swali la kuwapo kwa wachawi, bali katika ungamo: nani analidai, kwa njia gani, na kwa faida ya nani.

Imani iliyogeuka sheria

Wapuritani waliamini kwamba Mungu amekwisha kuwateua watakaookoka, na kwamba mwanadamu hawezi kuwa na hakika kamili ya uteule wake. Katika makanisa yao ya Marekani, aliyetaka kuwa mshiriki kamili alitakiwa kueleza mbele ya wenzake jinsi neema ilivyomgusa. Hivyo moyo wa mtu ulikuwa jambo la watu wote. Jirani alimchunguza jirani, na ukimya ulitiliwa shaka.

Miller anaonyesha jinsi desturi hii ya kanisa inavyohamia mahakamani bila kubadili sura. Katika sehemu ya pili Mchungaji Hale anamtaka John Proctor azitaje amri kumi. Proctor anataja tisa, na ile anayoisahau ni ya uzinzi, dhambi aliyoitenda na Abigail. Hapo kejeli ya mtunzi ni kali: swali la katekisimu limeukaribia ukweli, lakini muulizaji hautambui, kwa sababu anatafuta shetani mahali palipo na udhaifu wa binadamu tu.

Ungamo kama bei ya uhai

Katika Salem ya historia watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey alikufa kwa kulemewa mawe. Waliokiri na kushikilia ungamo lao hawakunyongwa. Miller ameushika mpango huu na kuujengea tamthilia nzima. Anayekana hufa, anayekiri huishi, ila hutakiwa kutaja wengine. Kwa hiyo kila ungamo huzaa mashtaka mapya, na mahakama haiwezi kusimama bila kukiri kwamba waliokwisha kunyongwa walionewa. Ndiyo maana Danforth hakubali kuahirisha hukumu hata anapoona dalili za uongo.

Proctor anatia sahihi, kisha anairarua karatasi. Hakatai kukiri dhambi, kwani ya uzinzi aliitangaza mwenyewe mbele ya mahakama. Anachokataa ni jina lake kubandikwa mlangoni mwa kanisa ili liwahukumu rafiki zake.

Hapa inafaa kumkumbuka shujaa wa Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969). Naye yuko mikononi mwa wenye nguvu, naye anatakiwa atamke neno moja, kwamba maji yalikuwa uongo. Proctor anakataa kusema uongo ili aishi. Kinjeketile anakataa kutamka jambo ambalo huenda yeye mwenyewe analiona kuwa kweli, kwa kuwa linalodaiwa ni silaha ya kuua tumaini la vizazi. Wote wawili wametambua kwamba neno linalotolewa chini ya kitanzi ni mali ya aliyelidai.

Mnyongwa na fundisho lake

Opala inayo kumbukumbu yake ya hukumu na kitanzi. Miongoni mwa Wambole, chama cha Lilwa kilisimamia jando na sheria, na sanamu ziitwazo ofika ziliwakilisha watu walionyongwa kwa kukiuka sheria hizo. Vijana walionyeshwa sanamu hizo ili wajifunze. Maana ya maiti ilishikwa na waliohukumu: mnyongwa alifundisha utii.

Miller anaigeuza sanamu hiyo. Proctor na Rebecca Nurse wanaponyongwa, fundisho linaiponyoka mahakama na kuwa ushahidi dhidi yake. Historia nayo ilikwenda njia hiyo, kwani mwaka 1711 serikali ya koloni la Massachusetts ilizifuta hukumu nyingi na kuzilipa fidia familia.

Upungufu wa mtunzi

Tamthilia hii haikosi dosari. Abigail wa historia alikuwa na umri wa miaka 11 hivi, na Proctor alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Miller amembadili msichana kuwa wa miaka 17, akampunguzia mwanamume umri, kisha akabuni mapenzi baina yao. Kwa hila hiyo, lawama ya jamii nzima inaelekea kumwangukia msichana mmoja mwenye wivu.

Tituba ametendewa vibaya zaidi. Bibi Putnam, Mkristo wa kanisani, ndiye aliyemtuma binti yake kwa Tituba ili roho za watoto wake saba waliokufa ziulizwe. Kiswahili kinatusaidia kuona asichokikazia mtunzi: alichoombwa Tituba ni kazi ya mganga na mpiga ramli, lakini hukumu aliyopewa ni ya mchawi. Mteja anabaki mshtaki. Mtumwa anakwenda gerezani. Mfasiri wa Kiswahili asiyechunga maneno haya matatu ataifuta dhuluma hiyo.

Mtoto mshtaki, mtoto mshtakiwa

Katika Salem ya Miller watoto huwashtaki wazee. Katika miji ya Kongo, tangu miaka ya 1990, mambo yamekuwa kinyume: mtoto, mara nyingi yatima au wa kambo, huitwa ndoki, naye hupelekwa katika baadhi ya makanisa ya uamsho ili akiri na kuombewa. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, imekataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu ya kifungo. Hata hivyo, sheria haiugusi upesi mzizi ambao Miller ameufichua: mwenye njaa na hofu atakiri lolote, na ungamo lake litachukuliwa kuwa uthibitisho.

Hitimisho

Elizabeth Proctor anajibu kwamba, ikiwa yeye anadhaniwa kuwa mchawi, basi haamini kwamba wachawi wapo. Jibu hilo halianzi na falsafa. Linaanza na mtu mmoja anayejua kwamba hana hatia. Hapo ndipo mtazamaji mwenye imani anapoweza kuingia katika tamthilia hii bila kuvuliwa imani yake. Haombwi aamue kwanza kama uchawi upo. Anaombwa amtazame aliyesimama mbele yake, na asikubali kwamba ungamo lililokamuliwa kwa hofu ni ushahidi.