Kuvuka Daraja la Tana Bila Kitambulisho

Microsoft Flight Simulator ni kazi ya sanaa, na naomba tuikosoe hivyo, kama tunavyokosoa riwaya au filamu. Najua, ukisema gemu watu wanafikiria watoto na FIFA. Lakini hii ina mtazamo wake, ina mambo iliyochagua kukumbuka na mengine iliyoyaacha njiani. Mimi nimeipima kwa ndege moja na njia moja: DC-3, kutoka Wilson hadi Garissa, kisha Wajir.

Ndege kwanza. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na zikaundwa zaidi ya 10,000 ukihesabu zile za kijeshi. Huku kwetu ilivaa rangi za East African Airways, lile shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanza 1946 na kuvunjika 1977. Microsoft waliitoa bure Novemba 2022, simuleta ilipotimiza miaka 40. Na waliomtengeneza huyu mzee walimpenda, hilo halina ubishi. Ukiamua kumwasha kwa mkono, unapampu mafuta, unazungusha injini, inakohoa, inatema moshi, silinda zinashika moja moja hadi zote 14 ziimbe pamoja. Halafu unaanza upya na injini ya pili. Kwa kuwa gurudumu dogo liko mkiani, pua inaangalia mbinguni na huoni mbele. Inabidi utembee pale Wilson ukipinda kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anayetafuta geti lake. Kama umezoea Airbus ya simuleta, ile inayojiendesha huku wewe ukichemsha chai, hapa utafunzwa adabu.

Kisha unapaa. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya bahari, Garissa kama 150, kwa hiyo safari nzima ni mteremko: unaacha baridi ya Nairobi, unapita Ukambani, halafu nchi inajilaza chini. Kilomita 330 hivi, saa moja na robo. Jeti ingeifanya nchi hii iwe ukanda wa kahawia tu dirishani. DC-3 haina haraka na haipandi juu sana, kwa hiyo unalazimika kutazama.

Na hapo gemu inastahili sifa ya pili: upepo. Ukiwasha hali ya hewa ya saa hiyo hiyo, kati ya Juni na Septemba, unakutana na kusi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mkondo wa upepo mkali unaovuka ikweta chini chini juu ya mashariki mwa Kenya, ukapita Somalia na kuendelea hadi India. Nilipogeuza pua kaskazini kutoka Garissa, mkondo huo ulinisukuma mgongoni, nikafika Wajir, kilomita 250, kabla ya hesabu yangu. Nilicheka peke yangu. Upepo nilioujua utotoni, ule wa kutupa mchanga machoni, kumbe umo humu ndani!

Wenye upepo je? Nimekulia Bula Iftin, Garissa. Kwenye skrini yangu mto Tana uko sawa, kahawia, na mikunjo yake yote. Mji ndio umejengwa na programu iliyotazama picha za setilaiti ikabahatisha: visanduku ambavyo vingeweza kuwa popote. Msikiti niliokuwa nikiutambua kwa mnara wake nimeukuta umekuwa jengo lisilo na jina. Nje ya mji, herio za wafugaji, zile nyumba za fito na mikeka, hazipo, pamebaki madoa ardhini. Abti yangu alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akatazama kwa muda, akauliza swali moja tu: "Na ngamia wako wapi?"

Utaniambia data ni chache. Sawa. Ila DC-3 inauzwa kama tamu ya zamani, na mimi nauliza zamani ya nani. Wakati ndege hizi zikipendeza na rangi za East African, Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari: ilitangazwa mwishoni mwa 1963, mwanzo wa vita vya shifta, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991.

Kuna pia lile daraja. Simuleta inauza uhuru, nenda popote duniani. Msomali wa Kenya analijua daraja la Tana kivingine: basi linasimama, mnateremka, kitambulisho mkononi, macho ya askari yanatoka kwenye picha yanakuja usoni, yanarudi kwenye picha. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wake na kuwapa kadi ya rangi ya waridi, eti ushahidi kwamba ni Wakenya. Angani nako, kwa miaka kadhaa ndege za abiria kutoka Mogadishu zililazimika kutua Wajir kukaguliwa kabla ya kufika Nairobi. Mimi nimelivuka daraja hilo nikiwa mita 300 juu, nikatua Wajir, nikazima injini, na hakuna aliyeniuliza babu yangu anaitwa nani. Ilikuwa raha, wallahi. Kwa barabara sijawahi kuipata, na sitaidharau kwa sababu ni ya gemu.

Lakini uhuru huo huo unakupitisha juu ya Wagalla bila kujua. Ni uwanja wa ndege wa vumbi, kama kilomita 15 magharibi mwa mji wa Wajir. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawaweka siku kadhaa juani bila maji, wakawaua. Kwa miaka serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti ya 2013, ilisema wanakaribia 1,000. S. Abdi Sheikh aliandika Blood on the Runway mwaka 2007, na Judy Kibinge akatengeneza filamu yake, Scarred. Kwa simuleta, uwanja ni urefu, upana na aina ya udongo, basi. Shinikizo la mafuta ya injini iliyobuniwa kabla ya babu yangu kuoa, hilo inalijua hadi nukta.

Sidai waweke mnara pale au sauti za kilio. Hiyo ingekuwa aibu mbaya zaidi, msiba uliogeuzwa kituo cha watalii wa skrini. Kazi hii naipa alama za juu kwa chuma na hewa, na kwa ardhi naipa alama za mtoto aliyenakili ramani bila kuuliza wenyeji.

Kama una kompyuta ya kutosha na bando (inakula bando vibaya), chukua DC-3 yenye vyombo vya zamani, achana na ile iliyowekewa skrini za kisasa. Soma kwanza kitabu cha Abdi Sheikh. Kisha ondoka Wajir alfajiri, elekea magharibi, chini chini, kilomita 15. Usitue.