Pambizo katika Usomaji wa Muyaka

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa zama za Mazrui, zisingalitufikia na maana yake lau si maelezo yaliyofuatana nazo. Mwalimu Sikujua alizikusanya, W. E. Taylor akazinakili na kuzifafanua, na mwaka 1940 Hichens akaichapisha diwani. Utungo wa majibizano usiojulikana umemjibu nani ni nusu ya utungo.

Hata hivyo maelezo ya mhariri hayana budi kupimwa. Akilipa neno la Kimvita maana moja, fumbo huenda lina mbili. Na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama. Huikimbilia sherehe kabla ya kuusoma ubeti, wakainakili katika mtihani kana kwamba ndiyo shairi. Mimi huwataka waanze kwa penseli: neno gumu wapigie mstari, dhana yao waiandike pambizoni, palipo na shaka waweke alama ya kuuliza. Sherehe ifunguliwe baadaye, ibishane na walichoandika. Vitabu vya maktaba havichorwi, hilo nalikubali. Basi na waunakili utungo kwa mkono, waache nafasi pana kila upande.