Pongezi kwa Walimu wa Watoto wa Lubondja

Nawapongeza walimu wa shule ya Jumapili wa Lubondja na vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, watu wasio na mshahara wala sare. Wageni wa misheni kutoka ng'ambo huja na mipira na gitaa, wakaimba na watoto siku chache, na furaha ile ni ya kweli. Lakini nani aliyewazoesha watoto hao kutulia na kusikiliza, dada akiwa na mdogo wake mgongoni? Ni mwalimu wa kijijini. Biblia anayo moja, watoto ni wengi. Anasoma mstari, wanaitikia, anarudia polepole hadi aliye mdogo kuliko wote aushike. Jumatatu alfajiri yuko shambani kwenye mihogo yake.

Kazi hii imepita katika majaribu makubwa. Vita vya 1996 viliwafanya watu wengi wa Fizi na Baraka wavuke Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, na mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko. Huko ukimbizini makanisa yalisimama tena, na watoto wakafundishwa tena. Waliowafundisha nao walikuwa wamisionari ugenini, ingawa hakuna kanisa lililowachangia nauli. Kwangu mimi, hao ndio wa kwanza kustahili sifa.

Mgeni, ukifika Lubondja, mtafute kwanza mwalimu wa kijijini. Muulize anahitaji nini, keti pamoja na watoto wake umsikilize akifundisha, na ukiondoka umwachie Biblia na madaftari.