Psappha na Vinganga: Arudhi Mikononi mwa Mpiga Ngoma

Miongoni mwa kazi za muziki wa Ulaya zilizotungwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, ni chache ambazo mpenzi wa ushairi wa Kiswahili angeweza kuzisogelea kwa haki ya ujirani. Mojawapo ni Psappha, utungo wa mwaka 1975 wa Iannis Xenakis, Mgiriki aliyekimbilia Ufaransa mwaka 1947 baada ya kupoteza jicho katika mapigano ya Athens. Ni kazi ya mpigaji mmoja tu, aliyezungukwa na ngoma, mbao na vyuma, nayo haifiki robo saa. Jina lake ni namna ya kale ya kulitaja jina la Sappho, malenga wa kike wa kisiwa cha Lesbos aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mlango wa kuingilia basi ni ushairi, tena ushairi wa kisiwani. Lakini kipimo cha kazi hii kitatafutwa hapa mbali na Lesbos na mbali na Paris: katika uwanda wa juu wa Wamakonde, Newala, na chini yake Masasi, kwenye vilima vya mawe.

Xenakis alikuwa mhandisi kabla ya kujulikana kuwa mwanamuziki, akafanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier. Hilo linaonekana katika maandishi ya Psappha. Karatasi yake haina nota za kawaida. Ina mistari iliyochorwa kama daftari la hesabu, na juu yake vitone. Kila kitone ni pigo. Ala zenyewe hazikutajwa kwa majina. Mtunzi amezigawa katika makundi sita, matatu ya mbao na ngozi, matatu ya vyuma, kisha akamwachia mpigaji ajichagulie. Hata alama ya mkazo haina maana moja: mpigaji anaweza kuitafsiri kuwa sauti kubwa zaidi, au mlio wa namna nyingine, au kuongeza ala ya pili papo hapo. Na mahali fulani vitone husongamana kiasi kwamba mikono miwili ya binadamu haitoshi. Mpigaji hulazimika kutafuta hila yake mwenyewe au kukiri kushindwa mbele ya hadhira.

Mtunzi mwenyewe aliunasibisha mpangilio wa mapigo hayo na arudhi ya Kigiriki, yaani vile vipashio vya silabi ndefu na fupi vilivyobeba tungo za Sappho. Ubeti uliopewa jina la malenga huyo una mishororo mitatu ya silabi 11 na wa nne mfupi wa silabi tano, kama kwamba msemaji amekatwa pumzi. Msomaji wa pwani atatambua haraka tofauti na ushairi wake. Shairi la Kiswahili huhesabu mizani bila kujali urefu wa silabi: nane kwa nane katika shairi, nane katika utenzi, na kina ndicho kinachofunga. Mgiriki alipima muda. Mswahili huhesabu idadi na kusikiliza mwisho wa kipande. Anayeimba utenzi ndiye anayeleta urefu na ufupi kwa mahadhi yake. Kwa maneno mengine, kile ambacho kwa Sappho kimo ndani ya lugha, kwa malenga wa Lamu au Pemba kimo kooni mwa mghani.

Kuna sadfa ya tarehe ambayo haifai kupitwa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyovitupa vina na mizani na kuzua ugomvi ambao wazee waliolelewa na Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi, ya mwaka 1954, hawakuusamehe upesi. Mwaka mmoja baadaye, Paris, mtunzi ambaye kizazi chake kilikuwa kimeshalitupa pigo la kawaida alirudi kwenye arudhi kutafuta uti wa mgongo. Mmoja alikuwa akitoka katika nyumba ambayo mwenzake alikuwa akibisha hodi. Waliomshambulia Kezilahabi kwa madai kwamba usasa ni kuiga Ulaya wangeshangaa kuiona Ulaya yenyewe, kwa mtu wake mmoja mkali kuliko wengi, inahesabu vipashio kama mwanafunzi wa chuoni.

Je, hesabu hiyo inasikika? Hapa ndipo Psappha inapostahili kuulizwa kwa ukali. Mwanzoni, ngozi na mbao zinapojibizana kwa pigo lisiloyumba, sikio hushika kipashio, hukitambua kinaporudi, hufurahia kinapokatwa. Hiyo ni furaha ileile ya msikilizaji wa shairi anayengoja kina na kukipata mahali pengine. Baadaye hesabu ambazo Xenakis aliziita za chekeche, ambazo kwazo huchuja mlolongo wa namba na kuacha baadhi tu zipite, zinalielemea sikio, na arudhi inazama. Kwenye karatasi ipo, masikioni haimo. Mtetezi atasema kwamba hata mizani ya utenzi haihesabiwi na msikilizaji. Ni kweli, lakini mizani ya utenzi ikikosewa silabi moja msikilizaji hushtuka, ilhali mpigaji wa Psappha akiacha kitone kimoja katikati ya msongamano ule hakuna atakayegeuza shingo. Sheria ambayo kuvunjwa kwake hakuumizi sikio imebaki kuwa sheria ya mtunzi peke yake.

Newala mambo ni kinyume. Watu wengi huwajua Wamakonde kwa vinyago vya mpingo na kuishia hapo, ilhali ngoma zao nazo zimechongwa kwa akili ileile. Zile ndogo, ambazo wenyewe huziita vinganga, zina mguu uliochongoka ambao huchomekwa ardhini; ngozi imewambwa kwa vigingi vya mti, na kabla ya kupigwa hupashwa kwenye moto wa nyasi mpaka mlio upande na kukauka. Hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Zipo nyingine kubwa, za mlio wa chini, ambazo hupigwa kwa viganja. Vinganga hushika pigo la haraka lisilobadilika, na mpigaji mkuu hupita juu yake akisema, akikatiza, akichokoza. Anachokisema kina shabaha: mbele yake yupo mchezaji wa midimu, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, na kila kipande cha mpigaji lazima kimalizike pale mguu wa mchezaji unapotua. Akichelewa kwa nusu ya pigo, umati mzima unajua.

Huo ndio ufundi wa kiwango cha juu, na ugumu wake haupungui hata kidogo ukiwekwa kando ya Psappha. Tofauti ni kwamba ugumu wa Newala una shahidi. Mpigaji mkuu anafanana na anayejibu shairi la mwenzake kwenye majibizano: amefungwa na vina alivyopewa, na sifa yake ni kusema jipya ndani ya kifungo hicho. Mpigaji wa Xenakis amepewa karatasi na amefungwa nayo peke yake chumbani kwa miezi. Anapotokea jukwaani anapigana na ala zake, na hadhira hutazama mapambano.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba upweke wa mpigaji ni kitu cha Ulaya kisichojulikana huku. Upweke umewahi kuletwa uwandani kwa mashine. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekuwa amekusudia kwenda Kondoa-Irangi lakini akageuziwa njia kwa sababu ya machafuko, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vina majivu ya moto. Miongoni mwa alioimbisha Masasi alikuwamo mwimbaji kipofu aliyeitwa Sulila. Silinda ya nta ya siku hizo ilichukua dakika chache tu, na pembe ya fonografu ilinasa kilicho karibu. Mduara wa wachezaji haukuingia humo. Kilichoingia ni mtu mmoja aliyesimamishwa mbele ya pembe, na waitikiaji wakawa mwangwi wa mbali. Kwa njia hiyo mashine ilimzaa msanii wa peke yake mahali ambapo hapakuwa naye, na wasomi wa baadaye waliosikiliza nta hiyo walisikia solo, wakaiita muziki wa mahali.

Wasomaji wa visiwani wana sababu ya kulijali hili, kwa kuwa njia ya Unguja na Masasi ni ya zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule wa kanisa la Mkunazini na wa vitabu vya sarufi na hadithi za Kiswahili, aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Unguja kwenda kuanzisha makazi Masasi. Walikwenda na Kiswahili na nyimbo za kanisa. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Upande wa pili wa njia hiyo, ngoma za unyago za watu wa bara zilikuwa zimeshavuka bahari. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa akiusimamia msondo katikati ya miguu yake na kuupiga huku akiimba. Aliyemwona jukwaani Ulaya aliona mwanamke mmoja na ngoma moja. Aliyemwona kwenye unyago aliona wanawali, masomo na nyumba nzima.

Sindimba nayo imepita njia hiyo. Ilipochukuliwa na vikundi vya taifa katika miaka ya 1960, na baadaye ilipofundishwa Bagamoyo katika chuo kilichoanza mwaka 1981 na kubadilishwa kuwa taasisi mwaka 2007, ilipata sifa nchi nzima na ikapoteza muda wake. Ngoma ya usiku mmoja ilikatwa iwe ya dakika kumi. Mpigaji mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kumsubiri mchezaji, akafundishwa kusubiri saa. Hilo si kosa la walimu, kwani jukwaa lina sheria zake. Lakini ndivyo mpigaji anavyotengwa na mwenziwe bila mtu yeyote kumfukuza.

Kwa sababu hii, sehemu bora ya Psappha haimo katika msongamano unaosifiwa na wapigaji. Imo katikati, pale kazi inapokaribia kusimama. Pigo moja, kisha kimya kirefu. Pigo jingine, kimya. Baada ya kelele yote iliyotangulia, mtu anayesikiliza huanza kungoja jibu, na jibu haliji, kwa kuwa hakuna wa kulitoa. Hapo ndipo jina la Sappho linapopata maana ambayo hesabu haikuipa: tungo za malenga huyo zimetufikia vipandevipande, mishororo yenye mapengo, na kinachosikika ni nusu ya mazungumzo. Pengine Xenakis hakukusudia hivyo. Kazi nzuri huwa na akili kuliko maelezo ya mtunzi wake.

Na kwa kuwa ala hazikutajwa, hakuna kinachozuia Psappha ipigwe Newala kwa vitu vya Newala: vinganga vitatu vya milio tofauti na ngoma kubwa moja kwa ngozi, kinu na mchi kwa mbao, jembe, njuga, na kile kipande cha reli kinachogongwa shuleni kwa vyuma. Karatasi ingekuwa imefuatwa kwa uaminifu wote. Shida ingetokea kwenye kile kimya. Pigo likilia na kuachwa hivyo, mtu wa pembeni angedhani mpigaji amekwama. Bibi mmoja angepiga kigelegele kumtia moyo, na kijana mwenye vijiti angekwisha kushika pigo.