Mlima Utazamwao kutoka Chini

Msomaji, ukikaa katika baraza ya nyumba yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, utasikia neno "bara" likitajwa kama kwamba ni jina la mahali pamoja. Taita ni bara, Usambara ni bara, Nairobi ni bara. Kote huko ni nyuma ya nyika, kwenye baridi na ukungu, ambako kwa fikira za wenye baraza habari huchelewa kufika na watu huishi kwa kusubiri. Mwaka jana, katika chuo cha ualimu ninakofundisha, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa kisiwa hiki aliniuliza kwa moyo safi kabisa, "Mwalimu, watu wa vijiji vya milimani waliishi vipi kabla sisi wa pwani hatujawafikia?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani kijana yule karibu atapelekwa kufundisha, na yumkini atapelekwa Wundanyi au Mgange. Mtu hawezi kuwafundisha vema watoto ambao anadhani wazee wao walianza kuishi siku alipofika mgeni. Nilimwazima kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi.

Milima ya Taita ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, lakini kitabu hiki cha kale kilichoandikwa kwa Kiswahili juu ya nchi ya milima ni cha Usambara, upande wa Tanga. Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, naye alikuwa mtu wa pwani kama sisi. Kilipigwa chapa kwa mafungu na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha J. W. T. Allen akakitengeneza upya, kikatolewa Nairobi mwaka 1962. Kinasimulia habari za ukoo uliotawala mlima ule, tangu Mbegha wa kwanza hata vita vya wajukuu zake.

Fungu la Mbegha ndilo bora, na ningependa ulisome polepole. Mbegha alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa kuwa nuksi. Akanyimwa urithi, akakimbilia Kilindi. Huko nako mwana wa mkubwa wa nchi alipouawa katika windo la nguruwe, akakimbia tena pamoja na vijana wachache na mbwa wake. Ndipo alipopanda mlima. Sasa tazama, msomaji, mwandishi anatuonyesha nini huko juu. Hatuonyeshi watu walio gizani wakingoja taa. Anatuonyesha wakulima wenye mashamba, ambao adui yao mkubwa ni nguruwe wa mwitu wanaokula jasho lao usiku. Chakula wanacho, nyama ndiyo iliyo haba. Mgeni ana nyama, lakini hana chakula cha shamba. Basi wanabadilishana, na katika mabadilishano hayo ujirani unakua, ujirani unazaa ndoa, na ndoa inazaa ufalme. Tena wana magomvi yao ambayo wenyewe wameshindwa kuyakata, na wanamwona mgeni asiye wa ukoo wowote kuwa afaa kuwa mwamuzi. Wazee wa Vugha walipomfuata, walijua wanachokitaka. Njiani Mbegha akaua simba, naye akaitwa Simba. Lakini simba yule, kwa maoni yangu, ni pambo tu. Kilichompa enzi ni nguruwe.

Hapo ndipo kitabu kinapolijibu swali la mwanafunzi wangu, nalo jibu halipatikani katika hoja bali katika vitu: mizigo ya chakula, nyama, mbwa, mashauri. Kijiji kilichojitenga kwa miteremko na misitu hakikujitenga na mahitaji, na penye mahitaji pana njia.

Watu wa mji wetu hasa wangepaswa kulijua hilo. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifunga safari kutoka upande huu mwaka 1848, akaenda hata Vugha kumwona Kimweri, na mwaka 1852 akaenda tena. Alimkuta mfalme ambaye amri yake ilishuka mlimani hata baharini: baadhi ya madiwani wa Mrima, kati ya Tanga na Pangani, walihitaji kukubaliwa na Kimweri kama walivyohitaji kukubaliwa na Sultani wa Unguja. Wenye baraza wangeshangaa kusikia kwamba palikuwa na pwani iliyongoja neno kutoka mlimani. Na tukisema juu ya kutengwa, kisiwa nacho kina habari zake. Watu waliozingirwa ndani ya Ngome ya Yesu tangu 1696 hata 1698 walijua kutengwa kuliko Mshambaa yeyote.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, nami sitaufunika kwa kuwa nakipenda. Abdallah bin Hemedi alikuwa mtumishi wa Semboja, mwana wa Kimweri, ambaye mji wake ulikuwa Mazinde. Mazinde haiko mlimani. Iko bondeni, chini ya miteremko, kwenye njia ya misafara. Mtu aliyekaa pale huuona mlima kwa kuinua kichwa. Huona wakubwa wanaoshuka na wajumbe wanaopanda, lakini kijiji chenyewe hufichwa na ukungu. Ndiyo sababu, baada ya Mbegha, wakulima wanatoweka katika kurasa. Wanatajwa wanapotoa kodi, wanapokimbia au wanapotekwa. Mwaka 1974 mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, alitoa kitabu juu ya ufalme huo akieleza tusichokipata kwa Ajjemy: kwamba Washambaa walipenda kujenga karibu na ukingo wa mlima ili walime migomba juu penye mvua na mazao mengine chini penye joto, hata shamba moja likifa jingine lisaidie. Akili kubwa kama hiyo, na miguu iliyopanda na kushuka kwa ajili yake, mwandishi wetu hakuiona kuwa habari.

Je, alikuwa mtetezi wa bwana wake tu? Hapana. Baada ya Kimweri kufa, vita vya warithi viligeuza watu kuwa bidhaa, na Semboja alikuwa miongoni mwa waliotajirika. Mtumishi wake hafichi kwamba Wakilindi waliwaonea raia, wala hafichi jinsi Wabondei walivyoinuka kuwafukuza. Asilolifanya ni kutuingiza ndani ya nyumba ya mtu aliyeporwa mwanawe. Anaona dhuluma na kuitaja, kisha anarudi kwa wakubwa. Nimejaribu kumsamehe jambo hilo, nami sijafaulu kabisa.

Kwa lugha hana deni kwetu. Sentensi zake ni fupi, wazee wake hunena kama wazee, na mashauri yake yanasikika kama yanayosemwa mbele yako. Mafungu ya mwisho yamejaa majina ya watoto wa wafalme. Ukichoka, ruka kurasa chache, wala usione haya, mimi mwenyewe nimeziruka.

Mwanafunzi wangu alikirudisha kitabu baada ya wiki mbili, akaniambia amelisoma fungu la Mbegha mara mbili na bado hajui ni nani aliyekilima na kukipika chakula kile kilichobadilishwa kwa nyama. Nilimwambia alirudie mara ya tatu, akiandika pembeni kila mahali mwanamke anapotajwa na kazi anayofanya. Nawe fanya hivyo, halafu ulinganishe hesabu yako na ya mwenzako.