Kongamano la Historia ya Vita Lisiishie Kwenye Fulana

Makala haya yanahakiki jambo ambalo idara za vyuo vyetu hulianza kwa shangwe na kuliacha kimyakimya: kongamano la historia na maandishi ya vita. Chuo ninachokizungumzia sitakitaja. Nilikuwa katika kamati ya maandalizi, na makosa nitakayoyaeleza ni yangu pia.

Ilikuwa mwaka 2009. Mwaka wa kwanza ukumbi ulijaa: mgeni rasmi, bango, fulana, chai ya saa nne na posho. Mwaka wa pili mfadhili alipunguza fedha, na wa tatu hapakuwa na kitu. Wenzangu husema liliuawa na ukata. Mimi nasema lilikufa siku ile ile ya kwanza, mchana, alipopewa kipaza sauti mzee mmoja aliyepigana Burma akiwa askari wa KAR, au Keya kama walivyojiita wenyewe. Ratiba ilimpa dakika tano za "salamu". Akaanza kusimulia kwa Kiswahili cha kambini: sisi nalala kwa matope, mvua napiga, chakula hapana. Safu ya nyuma wakacheka. Nami, mwalimu wa ngeli, nikatabasamu. Mwenyekiti akampelekea kikaratasi kwamba muda umekwisha, kisha akamkaribisha mtoa mada aliyesoma kurasa 18 kuhusu Kiswahili kama lugha ya umoja. Hakuna aliyerekodi. Kabla ya kongamano la pili mzee alikuwa amekwisha fariki.

Hapa Uganda suala hili si la wanahistoria peke yao. Wazazi wetu wengi walikutana na Kiswahili kikiwa kimevaa sare. Kilikuwa lugha ya Keya, jeshi ambalo Idi Amin alijiunga nalo mwaka 1946. Mwaka 1973 Amin huyo huyo akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wakakisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 1979 likaja jeshi la Tanzania, nalo likisema Kiswahili. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba jaja yake bado huzima redio akikisikia. Tusipozungumza juu ya vita, tutamfundishaje mjukuu wa bibi huyo?

Tutazame wenzetu. Chuo Kikuu cha Norwich, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, ni chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1819. Mwaka 1996 kilianza kongamano la waandishi wa vita lenye jina la William Colby, aliyewahi kuwa mkuu wa CIA, nalo likavuka miaka 20. Bila shaka fedha walikuwa nazo. Lakini walifanya jambo jingine: tangu 1999 wakaambatanisha kongamano na tuzo ya kitabu cha kwanza cha mwandishi, kiwe riwaya au historia. Mwaka 2011 tuzo ilikwenda kwa Karl Marlantes, aliyepigana Vietnam na kuihangaikia riwaya yake, Matterhorn, kwa takriban miaka 30. Wageni wakiondoka, kitabu kinabaki, na mwaka unaofuata kuna kingine cha kujadili.

Utaratibu huo nauheshimu, ila siwezi kuuchukua mzimamzima. Tuzo ya kitabu humwona aliyemaliza kitabu. Marlantes alisoma Yale na Oxford. Mzee wetu alikuwa na dakika tano.

Kwani vitabu hatuna? Tunavyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, vita ambavyo Ebrahim Hussein alivirudia katika tamthilia ya Kinjeketile (1969). Utenzi mrefu wa Shaaban Robert juu ya Vita Kuu ya Pili ulichapishwa mwaka 1967. Yeye hakuwa askari. Aliyebaki Tanganyika ndiye tuliye naye rafuni; waliokwenda Burma hatuna.

Kitabu ambacho ningekitanguliza ni Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, uliochapishwa mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Kampala kuangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Jina lenyewe linakuonyesha mtunzi amesimama upande gani. Utenzi kama fani hupenda shujaa na adui. Haujazoea kumpa nafasi mtu aliye katikati. Mganda anausoma kwa tabu ya pekee, kwa sababu waliokimbia ni jamaa zake na walioshangilia ni jamaa zake. Usomwe katika chumba alimo mtoto wa askari wa Amin na mtoto wa aliyerudi kutoka uhamishoni, uone kama utahitaji mgeni rasmi.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na kusoma. Muhula mzima, utenzi mmoja. Kila mwanafunzi amrekodi mzee mmoja aliyekubali kwa hiari (wapo wasiotaka, nao waachwe), kisha ayaandike maneno kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha ngeli. "Sisi nalala" ni data ya isimu kabla ya kuwa kosa. Masimulizi yatolewe fotokopi, yafungwe kijitabu, na kongamano liitwe kukijadili kijitabu hicho tu. Fulana zisubiri.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 65. Msomaji mwenye mzazi, jaja au jirani aliyepigana vita vile, upande wowote, aniachie jina lake katika ofisi ya idara kabla ya mitihani kuanza.